Karavani ya Ruthann Yajazwa Sufu

Ruthann Hoekstra alipostaafu kuendesha basi la shule, alinunua karavani, nyumba ya kuvutwa na gari, ya mwaka 1957 iliyokuwa imegeuzwa banda la kuku. Mimi jirani yake nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kumbe nacheka nisichokijua.

Dada yake mkubwa, Idella, alikuwa na kifua kibovu. Harufu ya gundi au rangi mpya ilitosha kumbana pumzi, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amelala nje ya nyumba yake. Hoteli zote zilimshinda. Alitaka kuiona bahari mara moja tu kabla hajafa, na Ruthann aliapa kumpeleka.

Akaing'oa plaiwudi yote iliyooza. Akatandika mbao kuukuu za ghala langu, na kuta akazijaza sufu ya kondoo wangu aliyoifua mara saba. Rangi aliikoroga mwenyewe kwa maziwa na chokaa. Kazi ya mwaka mzima.

Verlin, mume wa Idella, alipita kila Jumapili kumchokoza.

"Shemeji, karavani yako ikikulilia mee usiku, usiniite."

"Wewe utalala nje na mbwa, shemeji."

Wiki moja kabla ya safari, mvua ikapenya kwenye mshono wa paa. Verlin, kwa nia njema, akapanda akaupaka gundi ya dukani mwanzo hadi mwisho. Haraka yake ikakosa baraka: Idella alifungua mlango tu, akarudi nyuma akikohoa. Verlin akakaa kwenye ngazi, kofia mkononi, asiweze kumtazama mtu.

Ruthann hakugomba. "Shika kisu. Umeipaka wewe, utaikwangua wewe."

Tulikwangua siku nne juani, sisi watatu. Kisha tukaukunjia mshono ukanda wa bati, tukaugongelea, tukaumwagia maji kwa mpira saa nzima. Halikupenya hata tone.

Idella akaingia, akakaa kitandani, akavuta pumzi. Sisi tulizibana zetu.

"Pananuka kondoo," akasema.

"Kifua je?" Ruthann akauliza.

"Kifua kina nini? Mwambieni Verlin awashe gari."

Siku ya tatu, asubuhi, Ruthann alinipigia simu kutoka ufukweni. Nyuma yake nilimsikia Idella akimkemea Verlin aache kukoroma, watu wanasikiliza mawimbi. Nililia, wala sioni haya kusema. Kisha nikaenda zizini nikawapa kondoo wangu nafaka maradufu.