Dubwi la Kibarazani na Sahihi Yangu

Mtu asiyetoka nyumbani hufahamika na serikali upesi kuliko anavyofahamika na shemeji zake. Mimi ni fundi cherehani wa Buzebazeba. Nashonea sebuleni, cherehani imetazama dirisha, dirisha limetazama barabara. Nyumbani kwetu mtu wa kutoka ni mke wangu. Asubuhi anakwenda sokoni Mwanga kuuza vitenge, jioni anarudi na habari za mji mzima, nami namlipa kwa habari za mtaa zilizopita mbele ya dirisha. Watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuliona Ziwa Tanganyika. Mimi nimezaliwa nalo, na mwaka jana sikumbuki kama nililitia mguu.

Ng'ambo ya barabara kuna mama mmoja wa makamo, mjane, mwenye duka la mawese, dagaa na unga wa muhogo. Huyo amenibatiza jina la mwali. Kila asubuhi akifungua duka alikuwa akipaza sauti kwa salamu ya Kiha, mtaa mzima usikie: "Mwakeye, mwali. Utatolewa lini ndani?" Mimi namjibu shikamoo, naendelea na mshono wangu. Ningemjibu nini? Mwali angalau ana siku yake ya kutolewa, na ngoma inapigwa.

Huko kukaa ndani ndiko kulikonipa cheo. Askari wakija kupekua mahali wanatakiwa wawe na shahidi ambaye si askari, aone kilichokutwa na pale kilipokutwa, kisha aweke sahihi kwenye hati. Kazi hiyo ilikuwa ya mjumbe wetu wa mtaa, lakini mjumbe wetu anafanya biashara ya dagaa, na asubuhi yuko mwaloni Kibirizi, boti zinaposhusha. Askari nao hupenda kuja asubuhi. Wakiuliza nani yuko nyumbani, vidole vyote vinaelekea dirishani kwangu. Nimeshuhudia mitungi ya gongo, nimeshuhudia baiskeli ya wizi, nimeshuhudia nyavu za macho madogo zilizofichwa uvunguni mwa kitanda cha bibi harusi. Na kila mara nimeweka sahihi. Sahihi yangu ni nzuri, nisione haya kusema. Niliifanyia mazoezi tangu kidato cha pili, nyuma ya daftari la hesabu, ndiyo maana hesabu zenyewe zikaenda zilivyokwenda. Ina kichwa, ina kiuno, na ina mkia unaozunguka chini kama pindo la gauni.

Sasa nieleze nyumba ile ya ng'ambo, maana kesi nzima ilikaa hapo. Ni nyumba ya vyumba vitatu vya biashara vilivyopangana, na kibaraza kimoja mbele. Chumba cha kwanza ni duka la mama. Cha pili ni cha kinyozi. Cha tatu kilikuwa kimefungwa muda mrefu, kwa kuwa mwenye nyumba anaishi Kasulu na hupangisha kwa simu. Siku moja akaja mwanamume wa pikipiki, sura ngeni, akafungua kile chumba cha tatu na kushusha mashine ya kamari, ile inayokula sarafu za mia mbili, ambayo mtaani tunaiita dubwi. Akaisimamisha kibarazani, akapitisha waya wa umeme chini ya mlango, akafunga kufuli, akaondoka. Kila Jumamosi alikuwa akija kuifungua tumbo na kubeba kilichomo. Hakusema yeye ni nani, na sisi hatukumuuliza. Mama aliguna tu kwamba ile taa ya kumetameta inamchafulia mbele ya duka.

Dubwi lile lilifanya jambo ambalo mke wangu alilishindwa kwa miaka kumi na moja: lilinitoa nje. Nilianza kwa kwenda kulitazama. Halafu nikawa navuka na sarafu moja, kama mtu anayekwenda kununua kiberiti. Mke wangu akiuliza sarafu za mfukoni zimekwenda wapi, nasema uzi umepanda bei. Uzi haukupanda.

Asubuhi ya msako nilikuwa nimeshavuka na kurudi, nimeliwa zote, nimekaa kwenye cherehani nashona sketi za shule kwa hasira. Mvua ikaja. Ya kwetu hutoka upande wa Kongo, unaiona inatembea juu ya ziwa, na ikifika haina salamu. Katikati ya mvua hiyo likaja gari la polisi. Wakashuka askari wawili na mkaguzi wa michezo ya kubahatisha, mtu mpole mwenye faili ndani ya mfuko wa nailoni. Mkaguzi akalizunguka dubwi akitafuta stika ya leseni. Haikuwepo. Askari mkubwa, ambaye ananijua, akanipungia mkono niende.

Nikamwitikia, "Naja, afande."

Sikwenda. Nilikuwa na kipande cha pindo hakijaisha. Halafu nikatafuta mwavuli, nikakumbuka mke wangu ameondoka nao. Halafu nikatafuta viatu, kwa sababu ndala katika tope lile ni kujitakia. Nilipofika kule dubwi halikuwa tena kibarazani. Upepo ulikuwa unaingiza mvua, kinyozi alikuwa bado hajafungua, na kielelezo hakitakiwi kulowa. Basi askari walikuwa wamelibeba na kuliingiza kwenye mlango uliokuwa wazi, yaani dukani kwa mama. Limesimama katikati ya ndoo za mawese, askari mdogo analifuta maji kwa tambara la duka, na afande anamalizia kuandika hati juu ya kaunta. Hakukuwa na ubaya wowote katika kile nilichokiona. Wote tulikuwa tunatweta na kujipangusa, na mama mwenyewe alikuwa amewapisha.

"Fundi, umechelewa. Weka hapa."

Nikaweka. Nakumbuka mkia wa sahihi ulitoka vizuri sana siku hiyo.

Kisha wakamwambia mama apande gari. Yeye mbele, dubwi nyuma chini ya turubai. Alirudi jioni kwa dhamana ya kaka yake wa Ujiji, akafungua duka kesho yake kama kawaida, ila hakuniita mwali. Nikadhani ni mawazo.

Baada ya wiki mbili akavuka barabara, jambo ambalo si kawaida yake, akanikuta nakata suruali. Alikuwa na karatasi mikononi, nakala alizopewa mahakamani. Akasema macho yake hayaoni maandishi madogo, nami ni mtu wa kidato cha nne, nimsomee. Nikaweka mkasi chini, nikakohoa kidogo, nikaanza kusoma kwa sauti ya kisomi. Shitaka lilikuwa kuruhusu mchezo wa kubahatisha usio na leseni katika mahali pake pa biashara. Kisha nikafika kwenye hati ya upekuzi, nikasoma kwamba mashine hiyo moja ilikutwa ndani ya duka la mtuhumiwa, mbele ya shahidi.

Sauti ya kisomi ikaniishia hapo. Mama akaweka kidole mwisho wa karatasi.

"Na hiyo sahihi nzuri hapo chini ni ya nani?"

Alinieleza, bila kelele, alivyoelezwa na mkaguzi mwenyewe. Kwamba mashine za namna hiyo si haramu zote; zenye leseni zina stika, zina mahali pake, na watoto hawaruhusiwi. Kwamba sheria haishindani sana na mchezaji, inamtafuta mwenye mahali, kwa sababu bila mahali hakuna mchezo. Na kwa mujibu wa karatasi, mwenye mahali ni yeye. Akitiwa hatiani ni faini ambayo hana au ni kifungo, na leseni ya duka haitahuishwa. Duka lile ndilo lililobaki tangu mumewe afariki, na wajukuu watatu wanakula kutoka humo. Hakuniomba niseme uongo. Aliuliza tu kama mimi, mtu wa dirishani, sikuliona dubwi lilipokuwa limesimama miezi yote ile.

Siku iliyofuata nilifanya safari. Nilikwenda mpaka kituoni, kwa miguu, nimevaa shati la pasi, na watu wawili njiani waliniuliza nani amefariki. Afande alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuna kichwa, akasema ni kweli walilihamisha kwa ajili ya mvua, na kwamba pale alipokuwa anaandika aliandika alichokuwa anakiona mbele yake. Lakini karatasi ilishafika kwa wakili wa serikali, na yeye afande si mtu wa kuifuta kwa kalamu. "Kama ndivyo ilivyokuwa, kaseme hivyohivyo mahakamani," akasema. "Na mimi nikiulizwa nitasema. Ila wewe ndiye shahidi, fundi. Mimi ni askari."

Nikarudi nyumbani nikiwa nimeelewa jambo moja ambalo afande hakulijua. Kusema dubwi lilikuwa kibarazani ni rahisi. Kazi ni swali litakalofuata: umejuaje, na hali ulifika likiwa dukani? Dirishani huonekana kibaraza, ila ni mbele ya mlango upi na waya unaingia wapi, hayo huyajui mpaka uvuke.

Siku ya ushahidi mke wangu alifunga meza yake sokoni akaja. Alisema hawezi kukosa kuniona nimesimama mahali pengine zaidi ya mlangoni kwetu. Akakaa benchi la pili, pembeni ya mama mwenye duka. Hakimu alikuwa mwanamke, mwenye miwani, anaandika kila neno kwa mkono wake, ukisema haraka anainua kidole usubiri.

Wakili wa serikali akanionyesha hati, nikakubali kwamba sahihi ni yangu. Akaniomba niieleze mahakama mashine ilikutwa wapi. Nikasema kibarazani, mbele ya mlango wa chumba cha tatu, waya umepita chini ya mlango huo, na ikaingizwa dukani kwa sababu ya mvua. Akaniangalia. Akasema hati haisemi hivyo. Nikasema ndiyo, na mimi sikuisoma. Akauliza elimu yangu. Nikasema kidato cha nne. Nyuma, benchi la pili, mtu akacheka kwa pua, na nadhani namjua.

"Kwa hiyo shahidi," wakili akasema, "ulifika mashine ikiwa tayari dukani. Hiyo habari ya kibarazani umeipata wapi? Ulikuwa umejificha na mvua nyumbani kwako."

"Asubuhi ile kabla ya mvua nilikuwa nimesimama mbele yake, kibarazani."

"Ukifanya nini?"

Nilimtazama mke wangu. Hakuwa anacheka tena. Nikamtazama mama, naye alikuwa anatazama mikono yake.

"Nilikuwa nacheza, mheshimiwa. Ilikuwa inanila."

Chumba kizima kikacheka, hata karani. Hakimu akainua kidole tusubiri, akaandika polepole, na niliona kabisa kwamba aliandika neno inanila. Kisha akaniuliza nimecheza mara ngapi. Nikasema siku nyingi, na mara zote palepale, kibarazani, na mama hajawahi kugusa ile mashine wala sarafu yake, isipokuwa siku moja alipoifuta vumbi akilalamika. Hakimu akaniambia, kwa upole ambao ulinichoma kuliko ukali, kwamba kucheza mchezo usio na leseni nako si jambo la kujivunia mbele ya mahakama, na kwamba kuweka sahihi kwenye karatasi ambayo hujaisoma kunaweza kumfunga mtu asiye na kosa. Nikasema nimeelewa. Afande naye alipoitwa alitimiza ahadi yake, akaeleza mvua ile tangu mwanzo mpaka mwisho.

Njiani kurudi, tulipofika karibu na nyumbani, mke wangu akanigeukia.

"Kumbe huwa unatoka," akasema.

Alinidai maelezo ya uzi kwa siku nne, na siku ya tano akacheka peke yake jikoni, nikajua yamekwisha.

Hukumu ilikuja baada ya mwezi. Mama akaachiwa huru, dubwi likaamriwa kuteketezwa, na yule aliyepangishwa chumba cha tatu akaamriwa atafutwe kupitia kwa mwenye nyumba wa Kasulu. Mama alitoka mahakamani akaenda moja kwa moja kufungua duka. Jioni nilivuka kununua mawese, nikitegemea labda asante. Nilichopata ni kusutwa mbele ya wateja: kwamba ningesoma siku ile ya mvua, yeye asingepoteza asubuhi zote zile kwenye benchi la mahakama, na kwamba mtu mwenye elimu asiyeitumia ni kama sufuria jipya lililotundikwa ukutani. Alisema yote hayo huku ananipimia mawese, na kipimo alikifurisha mpaka yakamwagika kidogo kwenye vidole vyake. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa kuliko ya mtu aliyesutwa.

Juzijuzi askari na yule mkaguzi wamerudi mtaani, safari hii kwenye baa ya kona, ambako dubwi jingine lisilo na stika lilikutwa nyuma ya kreti za soda. Sikungoja kupungiwa. Nilitoka na ndala zangu kabla hawajaligusa, nikaliona lilipo, nikasimama hapo mpaka hati ikaandikwa. Afande akanipa kalamu. Nikairudisha, nikaomba karatasi kwanza.

Nikaisoma kwa sauti, kuanzia tarehe. Watu wakasogea. Mama akaja na upawa wake mkononi, akasimama nyuma yangu, na nilipofika katikati akanigusa bega.

"Hapo pa mahali ilipokutwa, rudia."

Nikarudia, taratibu, mpaka kinyozi naye akazima mashine yake ya kunyolea ili asikie.