Anayechomoa Waya

Fundi wetu wa hifadhidata haamini kitu mpaka akizime. Data za wagonjwa wa hospitali nzima huishi kwenye kumbukumbu za kompyuta kadhaa, si kwenye diski. Moja ikizimika, nyingine lazima zishike nafasi yake bila kupoteza jina la mgonjwa hata mmoja. Wiki nzima ameandika upya namna zinavyopeana nakala, huku akitafuna kifuniko cha kalamu na kuzisemesha kama wanawe. Leo akaingia chini ya meza, akachomoa waya. Skrini hazikutikisika. Tukashangilia. Yeye akabaki amepiga magoti, akiufuata waya kwa vidole.

“Mbona kuna joto ghafla?” akauliza, kisha akacheka. “Jamani, nimezima feni.”

Akachomoa mwingine, huu wa kompyuta kweli. Skrini zikasita, tukabana pumzi, zikaendelea.

“Haya,” akasema, “sasa pigeni makofi.”