Mafuta Yasiyovumilia Mvua

Jumanne alasiri nilikimbilia duka moja mjini Kericho kukwepa mvua, nikamkuta mzee mchuma chai kwenye kaunta, mbele yake mikebe miwili ya mafuta ya nywele.

"Hii ni ile ya kawaida," mwenye duka alimwambia. "Hii ingine ni mpya, imetengenezwa kwa maji. Inalaza nywele vizuri na haichafui kitambaa. Lakini ikinyeshewa, imeisha."

Tuliokuwa tukingoja mvua iishe tulicheka. Kericho hapa, mafuta ya kuogopa mvua? Nadhani mimi nilicheka kuwashinda wote.

Mzee hakutujali. Aliomba kujaribu, akapaka ya kawaida mkono mmoja na yale mapya mkono mwingine, kisha akaenda mlangoni akainyoosha yote miwili chini ya maji ya mabati. Mkono wa kwanza maji yaliteleza kama juu ya jani la nduma. Wa pili ulitakata bila kusuguliwa.

"Nipe hii mpya," akasema.

"Mzee, si itaishia njiani?" nikamuuliza.

"Ni ya mama watoto. Chai imemmaliza vidole, hawezi kushika kitana. Mimi ndiye namchana, mimi ndiye namuosha. Ile ingine lazima nisugue, na nikisugua anaumia."

Akafunika mkebe kwa kofia yake, akaingia mvuani kichwa wazi.

Jioni hiyo nilimuuliza mke wangu anapaka mafuta gani kichwani. Tumeoana miaka kumi na minane. Alininusa mdomo kwanza, ndipo akanijibu.