Mlenda Mbichi wa Oktoba

Nilikuwa fundi wa kutafuta mabomba yanayovuja chini ya ardhi, na bomba lililokaribia kumuua mama yangu lilikuwa likivuja chini ya kitanda chake. Nasema haya mapema ili usije ukanionea huruma huko mbele.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Madukani kulijaa sabuni za kila rangi, na ofisini kwetu watu walipunguzwa, tukabaki mafundi wawili kwa mji mzima wa Dodoma. Kazi yenyewe haikutaka mitambo. Unachukua nondo ndefu, ncha moja unaisimika ardhini juu ya bomba, nyingine unaiweka sikioni. Bomba zima linanyamaza. Linalovuja linatoa sauti ya mchele unaopepetwa. Nilijivunia sikio langu kupita kiasi. Wenzangu waliniita Daktari, nami nikawa naitika.

Kiangazi kile zahanati iliyokuwa mwisho wa bomba letu, upande wa Msalato, ilikosa maji kwa wiki kadhaa. Nilipita na nondo yangu mtaa kwa mtaa, nikachimba mashimo matatu, yote makavu. Nikawa nakaripia kila mtu, hata wasiohusika.

Kila Jumamosi nilikwenda kumwamkia mama, aliyeishi peke yake kwenye tembe yetu, nyumba ya udongo mpaka paa, kando ya njia ya bomba hilohilo. Tulikula uani ugali wa uwele na mlenda, mimi nikiilalamikia zahanati.

"Kula, mwanangu," alikuwa akisema. "Umekonda kwa kutafuta maji ya watu."

Jumamosi ya nne nilikuwa nimemega tonge la pili mkono ukasita. Mlenda ule ulikuwa mbichi. Mgogo yeyote anajua kwamba Oktoba tunakula mlenda uliokaushwa na kutwangwa, maana mbichi huota mvua zikinyesha, na mvua zilikuwa bado kabisa. Nami nilikuwa nimekula mbichi Jumamosi zote hizo, tena nikausifu! Mganga hajigangi, lakini mimi ugonjwa niliufanya kitoweo.

"Mama, mlenda huu umeuchuma wapi?"

"Hapo nyuma ya chumba changu. Mungu ametukumbuka."

Mlenda hauoti bila maji. Nilichukua nondo, nikaingia chumbani kwake, nikaisimika kando ya kitanda. Haikusimama. Ilizama yenyewe mpaka karibu na ngumi yangu, na sauti ya mchele ikajaa chumba kizima. Zamani marehemu baba alikiongeza chumba kile juu ya njia ya bomba, kama walivyofanya wengi mtaani, nami nilijua. Nilijua!

Nilimshika mama mkono nikamvuta nje. Aligoma, akitaka kwanza achukue khanga zake. Nikamfokea mama yangu mzazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Tulikuwa hatujafika kwenye zizi la mbuzi pale ukuta wa nyuma ulipokaa chini, taratibu, na paa lote la udongo likashuka juu ya kitanda. Vumbi lilipotulia, tuliona maji yakitiririka kutoka kwenye kifusi.

Nilikimbia kufunga koki. Kesho yake tuliliziba lile bomba, zahanati ikapata maji, na ofisini wakanipongeza. Sikujua pa kuuweka uso wangu.

Mama alihamia kwa jirani. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, akikitazama kifusi chetu, nikamwomba radhi kwa kumfokea. Alitikisa kichwa.

"Ile sauti nilikuwa naisikia tangu zamani," aliniambia. "Kila nikilala, mchele unapepetwa chini yangu. Nikadhani ni masikio ya uzee. Nikaona haya kukusumbua, mwanangu, na wewe una kazi yako ya kusikiliza."