Kigoda cha Mama Kulwa

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikiona kijana anaondoka nyumbani na kalamu mpya mfukoni, na leo nimekuona wewe ukizipanga zako mbili, ya buluu na nyekundu. Kesho unaanza fildi ya chuo kwenye gazeti, hapa hapa Bariadi. Kaa kidogo, mwanangu. Viatu utavipiga rangi baadaye.

Enzi zangu Bariadi haikuwa makao makuu ya mkoa. Tulikuwa wilaya tu chini ya Shinyanga. Ofisi ya gazeti ilikuwa vyumba viwili jirani na kiwanda cha kuchambua pamba. Msimu wa mavuno nyuzi ziliingia dirishani zikatua juu ya mashine ya kuchapa, na jioni tulitoka na mvi za bandia. Leo pale wanatengeneza simu. Nikipita bado nasikia harufu ya wino na mbegu za pamba, ingawa najua haipo, na moyo unaniuma kidogo.

Nilikuwa mwanafunzi wa uandishi, nimevaa sketi ya dada yangu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Ukurasa wa kwanza wa daftari nilikuwa nimeandika jina langu mara sita, nikitafuta namna litakavyopendeza gazetini. Habari sina, jina tayari! Cheka tu, na wewe nimeliona lako kwenye daftari.

Mkuu wa ofisi, Mzee Ng'wandu, alinipa kazi kabla sijapata pa kuweka mkoba. Abiria mmoja wa basi alikuwa amemwambia kwamba karibu na Dutwa kuna watoto wanatapika.

"Kaangalie kama ni kweli," akasema. "Anzia kwa Mama Kulwa, nyumba ya kwanza ukishapita lambo la ng'ombe."

Nikapanda basi mpaka Dutwa, nikaazima baiskeli dukani, saa nne nikawa nimefika. Mama Kulwa, mama wa mapacha, alikuwa uani anapepeta mahindi. Sikushuka, mwanangu. Mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali, daftari wazi.

"Mwangaluka, mayu. Mhola?" Nikamsalimu Kisukuma: habari za asubuhi, mama, ni salama?

"Mhola duhu," akajibu. Salama tu.

"Na watoto?"

"Mhola."

Nikaandika: watoto wazima. Nikashukuru, nikageuza baiskeli.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo ngoja nikueleze. Kwetu Usukumani mgeni akisalimu, hata kama ndani kuna msiba, ataambiwa salama kwanza. Kisha ataletewa kigoda, atapewa maji, na akishatulia ndipo mwenyeji atashusha pumzi na kusema, "Ila..." Habari yote iko baada ya hiyo ila. Nililijua hilo tangu utotoni, bibi yangu alipokea wageni hivyo hivyo. Lakini siku ile nilijiona mwandishi, na mwandishi nilidhani ni mtu wa kuuliza na kuondoka. Ujana una kiburi chake.

Saa saba nikaingia ofisini nimejaa vumbi na furaha.

"Uvumi mtupu, Mzee. Nimemuuliza mama mwenyewe."

Hakuinua macho. "Ulikalia nini?"

"Kukalia, Mzee?"

"Pale kwa Mama Kulwa. Ulikalia kigoda, mkeka, gogo?"

"Sikukaa, Mzee."

Akavua miwani. Nilijiandaa kufokewa, lakini aliongea taratibu, na hilo lilinichoma zaidi. "Binti yangu, basi hujafika." Akachukua ufunguo wa pikipiki.

Nikapanda nyuma yake, tukarudi Dutwa. Tulipofika, salamu zikaanza upya, sasa mwadila ya mchana, mhola, mhola duhu. Mzee akauliza ng'ombe, akauliza mavuno, akauliza mashemeji wa Mwanhuzi. Mimi nikaletewa kigoda cha miguu mitatu, nikakaa kimya kama mwali. Mama Kulwa akanipa kikombe cha maji, kisha akashusha pumzi.

"Ila Kulwa na Doto wamelala ndani tangu jana. Wanatapika, mate yanawatoka. Mimi mwenyewe kichwa kinanigonga."

Kikombe kilikuwa hakijagusa mdomo. Nikasikia harufu. Mtoto wa mkulima wa pamba haisahau harufu ile: dawa ya kunyunyizia wadudu shambani.

"Mayu, maji haya umechotea nini?"

Akanionyesha dumu. Alikuwa amelinunua mnadani, limesuguliwa kwa mchanga mpaka linapendeza. Lilikuwa dumu la dawa ya pamba, mwanangu, na watoto walikuwa wakilinywea siku ya pili.

Mzee Ng'wandu akawapakia Mama Kulwa na wanawe kwenye pikipiki, mmoja mbele, mmoja mgongoni kwa mama, wakakimbilia zahanati. Mimi nikabaki nazunguka kwa miguu, na safari hii kila nyumba nilikaa. Yakapatikana madumu mengine manne. Nyumba ya tatu, mama alikuwa ameshapima maji ya uji wa mwanawe. Nikayamwaga bila kuomba ruhusa.

Mapacha walipona, namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini kati ya saa nne na saa nane walilala mle ndani, hatua kumi kutoka baiskeli yangu, na mimi nikaandika kwamba ni wazima. Walipotoka zahanati nikaenda kumwomba mama yao radhi. Nikamuuliza, kwa nini asubuhi ile hakuniambia?

"Ningekuambia saa ngapi?" akasema. "Ulikuja na mguu mmoja."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja nikaondoka, mwenyeji akabaki na ugonjwa wake. Kama ningekaa asubuhi, maji yale yale yangenionyesha kila kitu.

Habari ilitoka gazetini, juu yake imeandikwa "Na Mwandishi Wetu". Jina langu halikuwepo hata mara moja. Wala halikuniuma. Mzee Ng'wandu, Mungu amrehemu, aliniuliza swali lake kwa miaka yote niliyofanya naye kazi. Nikileta habari ya bungeni au ya mnadani, lilikuwa lile lile.

Ninyi mna simu. Unamwandikia mtu, "Vipi huko?" anajibu, "Poa," nawe unaandika poa. Hiyo poa ndiyo mhola yetu, mwanangu. Ni salamu, usiifanye habari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka habari sharti akae. Ukifika kwa mtu shuka, salimu mpaka salamu ziishe, pokea unachopewa, kisha nyamaza umsubiri. Usimharakishe mwenye uchungu kwa sababu wewe una haraka. Na ukikosea, kwa maana utakosea, rudi siku hiyo hiyo.

Haya, kavipige rangi viatu vyako. Mungu akupe miguu miwili ya kufika, na sikio la kungoja neno linalokuja baada ya salama. Nyumba utakazoingia zipone kwa kuingia kwako. Kesho jioni ukirudi sitakuuliza umeandika nini. Nitakuuliza ulikalia nini.