Bukuru Wawili

Huku kwetu mapacha wakizaliwa hakuna anayeumiza kichwa kutafuta majina: wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi, basi. Ndiyo maana Rumonge imejaa akina Bukuru. Na mchana ule wawili walifikishwa hospitalini kwa pikapu moja, wamekatana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba la michikichi kule Kizuka.

Bukuru mmoja alikuwa mdogo wake Elda, mfagiaji wa hospitali.

Elda alikuwa na miaka kumi na moja kwenye kazi hiyo, mwanamke wa maneno machache na mikono migumu. Wiki tatu nyuma alikalishwa benchi moja na madaktari, wauguzi na watu wa labo, wafundishwe kufanya kazi pamoja. Mfundishaji, Mama Pascasie, aliwapa neno moja la Kirundi: hagarara, yaani simama. Anayeona hatari alitamke, na wote wasimamishe mikono.

"Hata mufagiaji?" dokta Cubaka aliuliza huku akicheka.

"Hata mufagiaji, Dokta. Damu ya kundi lingine inaua muntu, hata ukiitundika wewe."

Elda naye alicheka kwa aibu. Nani angemsikiliza yeye!

Leo hakuna aliyecheka. Mdogo wake alikuwa amepasuliwa shingo, mkono wa kushoto unaning'inia kwa ngozi tu. Elda mwenyewe alikimbiza labo vichupa vya damu vya majeruhi wote wawili, akangoja majibu: ndugu yake B, yule mwingine O. Aliporudi, Cubaka alikuwa amekwisha kumfunika ndugu yake uso. Elda hakulia. Alichukua dekio akaanza kufuta damu yake sakafuni, maana hakujua mikono aifanyie nini.

Kitanda cha pili, aliyemuua alikuwa anahema tumbo wazi, akitukana kwa sauti inayokatika. Mbwa yule! Elda alitamani kumziba pua kwa dekio lile lile.

Hapo Hakimu, muuguzi aliyeingia zamu dakika ile ile, akaja mbio na mfuko wa damu.

"Hii ya Bukuru!"

"Tundika, haraka!" Cubaka akafoka, mikono yake imezama tumboni mwa majeruhi.

Bukuru aliyebaki anapumua alikuwa mmoja tu. Hakimu akamtundikia mfuko, akashika mrija.

Elda aliiona herufi kwenye mfuko: B. Ilikuwa damu iliyoombwa kwa ajili ya ndugu yake, ikachelewa. Angenyamaza tu. Angeendelea kudeki, na hakuna mtu duniani ambaye angemuuliza mfagiaji kitu. Damu ya ndugu yake ingemmaliza muuaji wake, tena kwa mikono ya dokta. Aliinama, akafuta mara moja, akafuta mara ya pili. Moyo ulimwambia: nyamaza, mjinga wewe, nyamaza!

"Hagarara!"

Lilimtoka kama tapishi. Cubaka aligeuka na tusi mdomoni, lakini Hakimu alikuwa tayari ameubana mrija. Dokta akasoma mfuko, akasoma karatasi ya labo, uso ukamshuka.

"Leteni O," alisema kwa sauti ndogo. Hakuweza kumtazama Elda.

Saa kumi Hakimu alitoka barazani, kwenye umati wa ndugu wa pande zote mbili waliokuwa wakisubiri, akawatangazia kwa furaha:

"Bukuru amepona!"

Vigelegele vikapasuka. Elda, ndani, aliitambua sauti iliyoanza. Ilikuwa ya mama yake. Aliegemeza dekio ukutani, akatoka kwenda kumwambia.