Hodi Tatu za Mkwe

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Juzi nilikuwa nakusanya sauti kwenye tepu rekoda ya shule, wanafunzi wapate za kutia katika michezo yao ya redio. Jogoo tulikuwa naye, na majembe ya shamba la ujamaa pia. Ikabaki hodi. Nikawatoa wanafunzi nje wabishe, nikafunga mlango, nikawasha mashine.

“Hodi.”

“Mbuzi aliyekabwa huyo,” nikafoka. “Rudia.”

“Hodi.”

“Bado. Tia adabu.”

“Hodi,” ikaja ya tatu, taratibu.

“Afadhali.” Nikafungua.

Wanafunzi walikuwa wamejitenga kando, wamempisha mgeni. Mlangoni alisimama baba wa binti niliyemposa, kavuka kutoka kisiwani Chole na jibu la posa yangu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hodi tatu zimekwisha, sikukaribishwa. Na binti yangu, mwalimu, ana sauti hii hii.”